Mkono wa Shangazi Mtungi

Karakana yetu ilikuwa na wachoraji, wafinyanzi, na bwana mmoja aliyefuma mazulia yasiyoruhusiwa kukanyagwa, lakini mtu aliyejulikana kuliko sisi sote hakuwahi kushika brashi. Alikuwa mama wa makamo, mwenye paji pana na macho yaliyozama kidogo, na kazi yake ilikuwa kukaa. Yeye alikaa, sisi tukamchora. Alitulia kama maji mtungini, ndiyo maana vijana wakambandika jina la Shangazi Mtungi. Mwenyewe alisema huo ni uongo mtupu.

"Mmeona umbo langu, mkatafuta msemo wa kujifichia," alisema, akajipiga kiunoni.

Kabla ya hapo alikuwa mpiga pasi kwa dobi ng'ambo ya barabara. Karakana yenyewe zamani ilikuwa kiwanda cha kuchapa vitabu, na mpaka leo sakafu ina madoa ya wino ambayo hakuna sabuni iliyoyaweza. Mteja mkubwa wa dobi upande wetu alikuwa mchoraji tuliyemwita Kaka Vumbi, kwa sababu alichora kwa vijiti vya mkaa, na mkaa ulimwingia kila mahali: masikioni, kwenye kola, hata mkate aliokula ulibaki na alama za vidole vyake. Siku moja mama yule alimletea mashati, mvua ikamkamata mlangoni. Akaketi juu ya kreti la karatasi, mikono mapajani, akiitazama barabara ikijaa maji. Kaka Vumbi hakumwomba ruhusa. Alivuta karatasi akaanza kuchora. Mvua ilipokatika mama akainuka, na Kaka Vumbi bila kuinua macho akasema, "Bado."

Akaketi tena.

Miaka mingi baadaye aliniambia kwamba ni neno hilo lililomnasa. Tangu utoto wake, alisema, watu walikuwa wakimwambia inuka, nenda, leta, fanya haraka. Hakuwahi kuambiwa na mtu kwamba bado, kaa kwanza. Alipoonyeshwa picha aliikagua kama shati lililorudi na doa. "Pua hii ni ya nani?" akauliza. Lakini wiki iliyofuata alirudi bila mashati.

Mimi nilikuwa na chumba cha tatu kutoka mlangoni, nachonga mbao za kuchapia picha, na nilimchonga mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Mtu asiyejua hudhani kukaa ni uvivu. Jaribu basi kukaa bila kuhamisha bega mpaka mguu ufe ganzi, pua ikuwashe, na nzi atue juu ya nyusi. Jukwaa lake lilikuwa makreti yaliyofunikwa blanketi. Kabla ya kuanza tulimzungushia chaki miguuni, ili akipumzika na kurudi, nyayo ziingie palepale. Alichagua doa moja ukutani akaliwekea macho, akapumua kwa tumbo. Nikamuuliza huwa anawaza nini muda wote huo.

"Napika," akasema. "Nikimaliza kupika nagombana na mama mkwe wangu. Alikufa zamani, kwa hiyo siku hizi nashinda."

Mumewe alipofariki, alirudi jukwaani wakati waombolezaji bado wamejaa nyumbani kwake. Tukamwambia aende akapumzike. Akasema, "Nyumbani huyu ananiambia nilie, yule ananiambia nisilie. Hapa mnaniambia nitulie tu." Akapanda, akaingiza miguu kwenye chaki. Machozi yalimtiririka asubuhi nzima na uso haukusogea hata kidogo. Hakuna aliyeyachora. Tuliona si yetu.

Sasa, kila mwaka ulipokaribia kukatika, karakana ilikuwa na siku yake. Shule zikishafungwa, maduka yakishatundika taa za rangi na wenye magari kuanza kufunga mizigo juu ya paa kwenda kwao, sisi tulisogeza meza zote za ukumbi mkubwa ukutani na kumweka Shangazi katikati. Kila mwenye chumba alitoka, hata wale wasiochora watu, hata bwana wa mazulia. Tulimchora tangu asubuhi mpaka mwanga wa dirisha la paa ulipogeuka manjano. Kesho yake tulitandaza kamba kutoka ukuta hadi ukuta, tukazibana picha kwa vibanio vya nguo, tukafungua mlango kwa yeyote. Tuliiita Siku ya Uso. Watu wa mtaani walikuja na wageni wao wa sikukuu, wakala keki, wakabishana ni picha ipi imemweza. Shangazi alipita katikati yao amevaa gauni lake la buluu, akisikiliza uso wake ukijadiliwa, na alifurahi kuliko bibi harusi. Baada ya hapo tulifunga mlango, kila mtu akashika njia ya kwao.

Mwaka ninaousimulia, mambo yalianza na kidole gumba.

Shangazi alikuwa nyumbani na mdogo wake, fundi cherehani aliyeishi naye tangu wote wawili wawe wajane. Alikuwa ameshika kikombe cha chai, na kijiko kikaanza kugonga sahani. Mdogo wake akaacha kushona.

"Dada, una baridi?"

"Sina baridi. Kijiko ndicho kina wazimu."

Siku zilivyopita wazimu ule ukahama kutoka kidoleni kuingia kiganjani. Ulikuwa mkono wa kulia tu, na ulikuja hasa pale alipotulia. Akiushughulisha, uliacha, akiuweka pajani, ulianza kutikisika kama mtu anayehesabu noti. Fikiria basi. Mtu ambaye kutulia ndiko kulikompa jina, na maradhi yakachagua saa ile ile ya kutulia. Hospitalini daktari alimwambia ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu, kwamba huenda polepole, kwamba kuna vidonge vya kuupunguza na hakuna cha kuuondoa. Alitoka nje akamshika mdogo wake mkono.

"Hili lisivuke kizingiti chetu. Karakana wasijue, jirani wasijue, na mwanangu ndiyo kabisa. Akijua atakuja kunibeba kama gunia."

Mwanawe alikuwa na duka la vipuri katika mji wa mbali, mtu mwema lakini wa amri. Tangu baba yake afe alikuwa akimwambia mama ahamie kwake, na kila mara mama alimjibu kwamba ana kazi.

Basi akaanza kujificha mbele ya macho yetu. Alipanda jukwaani na mkoba akaushika kwa mikono miwili. Siku nyingine akaukalia mkono. Siku nyingine akapendekeza mwenyewe, kwa sauti ya utani, tumchore amekunja mikono kwapani "kama mama mkwe mliyemkopa". Tukacheka tukamchora hivyo. Wasanii tunajisifu kwamba tuna macho. Kwa miezi tulimtazama na hakuna aliyeona.

Mwishowe aliyeona ni mfinyanzi, mwenyekiti wetu, mwanamke wa kazi na maneno machache. Alikuwa amepata kazi ya kufinyanga mikono miwili iliyofumbatana, na akamwomba Shangazi akae naye faragha. Mikono haikuwa na pa kujificha. Mwenyekiti alikuwa amekwisha kufanya kidole cha shahada alipoinua macho kulinganisha, kisha akatazama udongo, kisha akatazama tena.

"Shangazi, kidole."

"Nimechoka leo, mwanangu."

"Pumzika basi."

Akapumzika, wakaanza upya, na mkono ukaanza upya. Mwenyekiti hakuuliza tena. Alifunika udongo kwa kitambaa chenye maji akasema wataendelea siku nyingine. Siku hiyo haikuja.

Mficha maradhi kilio humfichua, lakini kabla ya kilio kuna minong'ono. Mwenyekiti alituita wachache, nami nikiwemo, akasema jambo ambalo halikuwa baya: kwamba Siku ya Uso inakaribia, kwamba kumpandisha Shangazi mbele ya umati mzima na hali ile ni kumdhalilisha, kwamba kuna binti mcheza dansi anayeweza kukaa mwaka huu. Tukakubali. Tukasema atakayekwenda kumwambia aende na maneno mazuri. Kila mmoja akadhani mwenzake ndiye atakayekwenda. Kaka Vumbi angekwenda, lakini alikuwa mji mwingine, amealikwa kufundisha.

Aliyekwenda ni yule binti mwenyewe, na hakwenda kumpa habari. Alidhani habari anazo. Alikwenda kuomba afundishwe. Mdogo wake Shangazi ndiye aliyenisimulia. Binti alibisha hodi, akakaribishwa, akaketi kwenye kiti cha wateja katikati ya vitambaa, akasema, "Shangazi, samahani, sijawahi kukaa muda mrefu hivyo. Mimi nimezoea kuruka. Nimeona nije nikuulize unafanyaje."

"Unakaa wapi, mwanangu?"

"Siku ya Uso. Hawakukwambia?"

Cherehani ilinyamaza. Mdogo wake anasema alitaka kumtoa binti nje kwa sikio. Lakini Shangazi alimtazama binti kitambo, akaona kwamba hana hila, akasema, "Walisahau tu. Watu wana mengi sikukuu hizi. Vua viatu."

Akamsimamisha katikati ya chumba. Akamfundisha kutofunga magoti, kwa sababu anayefunga magoti huzimia. Akamfundisha kuchagua doa ukutani na kutolibadilisha hata likichosha. "Na usikae na tumbo tupu, wala usikae umeshiba. Na wakikwambia geuka kidogo, geuka kidogo zaidi ya walivyosema, maana watabadili mawazo." Akamzungushia chaki ya cherehani miguuni. Mkono wake wa kushoto ndio ulioshika chaki. Binti alipoondoka alimbusu, na Shangazi akamfungia mlango taratibu, akaketi kitandani na viatu vyake miguuni mpaka giza likaingia.

Kaka Vumbi aliporudi na kusikia, alitutukana mmoja mmoja, chumba kwa chumba. Kisha akaenda kwa Shangazi. Alikuwa mdogo kwake kwa miaka kadhaa, na siku zote alimwita dada.

"Dada, kesho kutwa unakaa wewe."

"Anakaa yule binti. Nimemfundisha mwenyewe."

"Yule atakaa mwakani. Nimeshazungumza naye, amefurahi, anasema hata yeye aliogopa."

Shangazi akautoa mkono wa kulia chini ya mtandio akauweka juu ya meza, peupe, mbele yake. Ukacheza. Sindano za mdogo wake zikalia ndani ya kikopo.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Bado unataka nikae?"

"Nataka."

Akafikiri sana. Mwishowe akasema, "Nitakaa. Lakini mkono huu msiuchore. Choreni uso, choreni huo wa kushoto, choreni gauni. Huu uacheni. Huu si wangu, umekuja juzi tu. Na jirani zangu wote wanakuja kutazama. Niahidi, Vumbi."

"Nakuahidi."

Siku ikafika. Alipanda jukwaani na gauni la buluu, akaingiza miguu kwenye chaki, akauweka mkono wa kulia pajani. Haukufichwa, kwa kuwa sasa sote tulijua. Ukatikisika muda wote. Ukumbi ulikuwa kimya, sauti ya mikwaruzo ya penseli tu, na chini yake mchakacho mdogo wa kitambaa cha gauni ukisuguliwa na vidole. Mwenyekiti alichora akiwa amekaza meno. Bwana wa mazulia alitoka nje mara mbili na kurudi macho mekundu, akisingizia moshi, ingawa hapakuwa na moshi. Mimi nilichora uso, na pale palipokuwa mkono nikaacha mbao tupu. Wengine waliweka kivuli, wengine ua, mmoja alikata karatasi pale pajani. Tulishika neno alilotuletea Kaka Vumbi.

Kaka Vumbi alikuwa nyuma, karibu na nguzo, hatukuiona karatasi yake. Alichora kama mtu aliyepandwa na mashetani. Shangazi alipochoka tulimsaidia kushuka, mdogo wake akampeleka nyumbani, nasi tukabana picha kwenye kamba. Kaka Vumbi alileta yake mwisho kabisa, tulipokuwa tukifagia. Akaibana katikati.

Nataka kusema ukweli juu ya picha ile. Ilikuwa picha bora kuliko zote alizowahi kuchora, na pengine kuliko zote zilizowahi kutundikwa kwenye kamba ile. Uso ulikuwa mdogo, umeinama kidogo, karibu ufifie. Na chini, mkono. Aliuchora mara nyingi juu ya mwenyewe, vidole juu ya vidole, mpaka ukawa kama ndege anayepapatika ndani ya kizimba cha gauni, anatafuta pa kutokea. Ukiitazama ulihisi mkono wako nao unaanza.

"Vumbi," Mwenyekiti akamwambia, "ulimwahidi."

"Najua."

"Sasa?"

"Nilianza na uso. Sijui. Mkaa ukaenda wenyewe." Akajifuta uso kwa kiganja, akajipaka weusi. "Akiiona atanielewa. Yeye ananielewa siku zote."

Ilitupasa kuitoa. Watu sita au saba wazima, tukasimama tunaitazama, na uzuri wake ukatufunga mikono.

Kesho yake Shangazi alikuja amesindikizwa na mdogo wake, na nyuma yao majirani wa uani: mama wa chumba cha mbele, binti zake, mgeni wao wa sikukuu. Mlangoni alisalimiwa kwa vigelegele. Akaanza kuzunguka kwenye kamba kama kawaida yake. Aliona uso wake na ua, uso wake na kivuli, akatabasamu, akaniambia, "Wewe kila mwaka unanipunguzia mashavu. Asante." Kisha akafika pale watu walipokuwa wamesongamana.

Bwana mmoja mwenye miwani, mtu wa jumba kubwa la maonyesho la mjini, alikuwa akimweleza mwenzake. "Tazama mkono huo. Sijaona kitu chenye uhai namna hiyo mwaka mzima. Lazima tuuchukue."

Watu wakapisha. Shangazi akasimama mbele ya picha. Naye mama wa chumba cha mbele, mwanamke mzuri wa moyo lakini ulimi wake hauna kufuli, akatazama karatasi, akatazama mkono wa jirani yake uliokuwa ukisugua gauni, akasema kwa sauti iliyosikika mpaka uani, "Kumbe unaumwa, shoga yangu? Na hukutuambia? Na mwanao anajua?"

Shangazi alikuwa akimtafuta mtu kwa macho. Alipomwona Kaka Vumbi karibu na nguzo alimtazama tu, kwa uso ule ule tulioujua wote, uso usiosogea. Kisha akamwambia mdogo wake, "Twende, nimesimama sana."

Kaka Vumbi aliitoa picha kabla hawajafika barabarani. Yule bwana wa miwani alimfuata hadi chumbani akiongea, naye akamfungia mlango. Jioni alikwenda kwa Shangazi na picha imeviringishwa chini ya kwapa. Mdogo wake alimwacha kizingitini muda mrefu kabla ya kumruhusu kuingia.

"Dada, nimekosa."

"Nilikuomba kitu kimoja, Vumbi. Miaka yote hii nilikuomba nini kingine?"

"Hukuniomba kitu."

"Hicho kimoja."

"Nilikuchora ulivyo," akasema. Hakuwa anajitetea, alikuwa anatafuta neno.

"Nilivyo najiona kila asubuhi, nikishindwa kufunga kifungo. Kule nilikwenda kupumzika."

Kaka Vumbi akaikunjua picha mezani. "Hii hapa. Ichome, ichane, ni yako. Nimeshawakatalia watu wa maonyesho."

Shangazi aliitazama kwa mara ya pili, na mdogo wake anasema aliitazama vizuri, kama anayesoma. Kisha akacheka kidogo, kicheko kisicho na maji. "Niichane kwa mkono upi? Iviringishe. Kwenye ukuta wangu siitaki, na moto pia sitaki. Ikae kwako. Wewe ndiye uliyeitaka."

Habari haikuhitaji miguu. Mama wa chumba cha mbele alikuwa na namba ya yule mwana, akampigia kwa nia njema akilia. Mwana alifunga duka lake katikati ya msimu, akaja. Nilikuwepo uani siku hiyo, nimekwenda kuwapelekea matunda. Hakupiga kelele. Ilikuwa afadhali angepiga.

"Mama, kwa nini mjue ninyi na watu wa picha, mimi nisijue?"

"Ulikuwa mbali."

"Simu ninayo."

"Ningekwambia ungenichukua."

"Ndiyo, ningekuchukua. Wewe si mama yangu?"

Hapo hakuna mtu wa kumlaumu. Mdogo wake Shangazi alijaribu kusema kwamba wanatosha wao wawili, lakini naye macho yalikuwa yanamwishia, uzi hakuweza kuutunga bila kuomba msaada, na mwana aliliona hilo vilevile. Wakakubaliana kwamba dada mkubwa aende, mdogo abaki na cherehani yake mpaka apate mtu wa kumwachia wateja.

Waliondoka asubuhi ya sikukuu yenyewe, kwa sababu barabara zingekuwa tupu. Mtaa ulikuwa kimya, maduka yamefungwa, karatasi za rangi za usiku uliopita zimelowa umande kwenye mtaro. Wasanii karibu wote walikuwa wamekwenda kwao. Tulikuwa watatu: Mwenyekiti, yule binti wa dansi na mimi. Shangazi alikaa mbele kwenye pikapu la mwanawe, godoro na sanduku nyuma. Mwenyekiti alimpa kifurushi, akasema ni ile mikono ya udongo, ameimalizia peke yake na kuichoma, kidole kimoja tu hakikukamilika.

"Asante, mwanangu," Shangazi akasema. "Nitakitafutia kidole."

Binti akaanza kulia. Shangazi akamwambia asilie amesimama wima vile, alegeze magoti. Kisha akatazama mwisho wa barabara, kule kwenye lango la karakana. Sote tukatazama. Hapakuwa na mtu. Mwana akauliza, "Tunamsubiri nani?" Shangazi akasema hakuna, twende.

Kaka Vumbi alikuwa ndani. Baadaye nilimkuta amekaa sakafuni nyuma ya lango lile lile, mgongo ameuegemeza bati. Alisikia gari likiwashwa, alisikia likiondoka. Nikamuuliza kwa nini hakutoka. Akasema, "Ningetokaje?"

Mwaka uliofuata binti wa dansi ndiye aliyekaa. Alikaa vizuri, chaki miguuni, macho kwenye doa. Siku ilikuwa nzuri na watu walikuja, wengine wakauliza yule mama yuko wapi, tukawaambia yuko kwa mwanawe. Kaka Vumbi hakuchora siku hiyo. Alisaidia kubeba viti. Jioni binti alimfuata akamwambia kwamba katikati ya mwaka alipita mji ule na kundi lake la dansi, akaenda kumsalimia Shangazi.

"Hali yake?"

"Hatembei sana. Sauti imekuwa ndogo, inabidi uiname. Anakaa dirishani. Aliuliza habari za wote."

Kaka Vumbi akapanga kiti juu ya kiti. "Na mimi?"

"Aliuliza kama unakula."

Kesho yake alipanda basi. Nyumba alielekezwa na wenye maduka ya vipuri. Mwana alimpokea kwa heshima ya mbali, mkewe akampa kitanda sebuleni, wala hawakumuuliza amekuja kukaa muda gani. Shangazi alikuwa kitandani, mikono yote miwili ikitikisika sasa, na shingo. Muda mwingi alilala. Kaka Vumbi hakuwa amebeba karatasi wala mkaa. Alijifunza kutoka kwa mke wa mwana jinsi ya kumlisha uji, kijiko kisijae, kiingie kwa pembeni, usubiri ameze. Alimkanda miguu. Alimweleza habari za karakana hata alipokuwa amelala: paa linavuja, bwana wa mazulia ameoa, Mwenyekiti amekuwa mkali zaidi. Baadaye nilimuuliza kama waliongea juu ya ile picha. Akasema hapana. Alijaribu mara moja, maneno yakamkwama, na wakati ule Shangazi alikuwa amefumba macho, labda hakusikia, labda alisikia.

"Alikutambua lakini?"

"Alinitambua. Asubuhi moja aliamka akanitazama sana, nikainama kusikia. Akaniambia, 'Vumbi, kumbe nawe umezeeka.'"

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia ndiyo, dada."

Shangazi alikufa mwaka mpya ulipokuwa na siku chache, mchana, nyumba imejaa wageni wa sikukuu waliokuwa bado hawajaondoka. Kaka Vumbi alikuwa mmoja wa walioingia kaburini kumpokea, kwa sababu mwana alimwita kwa mkono akamwambia ashuke. Mdogo wake Shangazi alichelewa. Basi liliharibika njiani, akafika watu wanajikung'uta udongo.

Sisi wengine tulipata habari karakana ilipofunguliwa. Mwenyekiti alizuia kazi siku hiyo. Tuliketi ukumbini, wengine kwenye viti, wengine kwenye ukingo wa lile jukwaa, na hakuna aliyechora chochote. Mchana Kaka Vumbi akaingia kutoka kituo cha basi, mkoba begani, mashati yake masafi kuliko nilivyowahi kuyaona, mke wa mwana alikuwa amemfulia. Bwana wa mazulia akamsogezea kiti. Akaketi, akaomba maji, akanywa, akaanza kutusimulia.